Jicho Nililowafundishia kwa Miaka Kumi na Mmoja

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, na kwanza uniwie radhi kwa mwandiko, maana nimeshachana karatasi tatu kabla ya hii na hii naiandika kwa haraka nisije nikaichana nayo. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nne, ni daktari wa macho, na zaidi ya udaktari ni mwalimu, nafundisha wanafunzi wa udaktari kutambua magonjwa ya macho na kuyatibu, na zamani nilikuwa nawacheka watu wanaokuandikia, nasema hawa hawana ndugu wa kuzungumza nao, leo nimo kwenye foleni yao na ndugu ninaye, tena ndiye shida yenyewe.

Ili unielewe lazima nikueleze kazi yetu kidogo. Ukimulika ndani ya jicho kwa ile tochi yetu ndogo yenye lenzi, unaona huko nyuma kiduara cheupe-cheupe, hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na katikati ya kiduara kuna kishimo tunachokiita kikombe. Kwa mtu mzima wa afya kikombe huwa kidogo. Kwa mwenye presha ya macho kikombe kinatanuka, kinakula kingo za kile kiduara mwaka hadi mwaka, bila maumivu, bila wekundu, bila machozi, na mwenyewe hana habari mpaka siku anapoanza kugonga milango. Kilicholiwa hakirudi. Matone yapo ya kutia kila siku, lakini yanalinda kilichobaki tu, na maneno haya nimeyasema darasani mara nyingi hadi naweza kuyasema huku nachambua mchele.

Sasa mwanafunzi hawezi kukijua kibaya kabla hajakijua kizuri, anahitaji jicho zima la kuanzia, na wanaokuja kliniki wote wamekuja kwa sababu macho yao si mazima. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nikaona kwa nini nihangaike, nikajitia matone ya kufungua mboni, nikakaa kwenye kiti, nikasema haya njooni mmoja mmoja, mulikeni jicho la kushoto la mwalimu wenu, hili ndilo jicho zima, likaririni. Wakati ule nilikuwa nimepigwa picha ya jicho hilo na mwalimu aliyenifundisha mimi, akasema kikombe changu ni kikubwa kidogo lakini ni maumbile tu, nami nikachora mchoro kutoka kwenye ile picha, nikaandika juu yake JICHO ZIMA, nikautia kwenye faili la majibu ya mtihani. Miaka kumi na mmoja, Mshauri, faili ni lile lile, mchoro ni ule ule, na kiti nimekaa mimi.

Nikiri kwamba nilijivunia. Jicho langu lilikuwa maarufu kuliko mimi, hata wanafunzi wakinikuta kwenye korido waliniamkia "shikamoo mwalimu, na jicho halijambo?" nami nacheka najibu halijambo, linawasalimu. Katika mtihani wa vitendo mimi ndiye kituo cha nne, kituo cha lazima, asiyekifaulu anarudia mwaka, na kila mwaka michoro yao ilifanana na wangu kama imepigwa mhuri, nami nikajisifu kwamba nafundisha vizuri. Sasa ndipo ninapojua kwamba walikuwa wanarithishana. Darasa la mbele linawaambia wa nyuma, jicho la Mwalimu chora hivi, na mtoto wa watu anainama pale dakika moja kunipumulia usoni, anainuka, anachora alichoambiwa. Hakuna aliyekuwa anatazama.

Isipokuwa mmoja. Kuna binti mwaka huu wenzake wanamwita Polepole, kwa sababu akishika tochi haiachii, foleni nyuma yake inaguna na yeye bado yuko pale pale. Siku ya mtihani alinimulika mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia "wewe, unatafuta sindano humo ndani?" akasema "samahani mwalimu, naomba kidogo tu," akarudia tena. Karatasi yake nilipoisahihisha nikakuta amechora kikombe kikubwa kimekula karibu duara zima, na chini ameandika: "Mgonjwa huyu ana presha ya macho iliyokwenda mbali. Apelekwe kwa daktari leo hii." Mshauri, nilicheka peke yangu ofisini. Nikampa sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu JIFUNZE KUONA KWANZA, na kana kwamba hilo halitoshi nikaisoma ile sentensi mbele ya darasa, darasa likacheka, mmoja akasema "pole sana mwalimu, tukupeleke kwa daktari?" na yule binti akainamisha uso akawa anafunga na kufungua kifuniko cha kalamu yake.

Siku tisa baadaye kliniki yetu ikaletewa mashine mpya ya kupiga picha ndani ya jicho. Daktari mwenzangu wa chumba cha pili alikuwa anaifungua, akataka jicho la kuijaribia, mimi huyo, nikaweka kidevu nikasema tumia langu, ni jicho la mfano hili. Fundi aliyeileta akanipiga picha bila kuandika jina wakati mwenzangu amekwenda kuita wagonjwa wengine wa kuijaribia, nami nikaitwa nje mara moja na muuguzi, niliporudi nikamkuta mwenzangu ameinamia kioo cha mashine na hajajua ni nani aliyeingia, akauliza bila kugeuka, "Hizi picha za mwanzo ni za mgonjwa gani? Huyu ameshaanza dawa kweli?" Nikasogea nikatazama. Mshauri, mimi nasomesha watu kuzitazama picha hizi, sikuhitaji kuambiwa. Nikasema "ni mimi," akacheka akidhani namtania, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka.

Alinipima siku ile ile. Presha thelathini na moja, na isizidi ishirini na moja kwa kawaida. Akaniweka kwenye kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila unapoona kitaa kinawaka pembeni, na mimi nikabonyeza nikaona nimefanya vizuri, karatasi ikatoka nusu yake ya juu ni nyeusi tupu. Yaani upande wote huo vitaa vilikuwa vinawaka na mimi nimekaa pale natabasamu. Nikakumbuka nguzo ya geti niliyoikwaruza na gari mara mbili nikamsema mlinzi kwamba hafungui geti lote. Matone nimeanza na natia kwa wakati, hilo usinigombeze. Mwenzangu ameahidi kutosema neno mpaka mimi nitakaposema.

Sasa nifike kwa dada yangu, maana ndipo ninapokosa usingizi. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, anakaa mitaa minne kutoka kwangu. Mwaka jana mwanzoni alilalamika macho yanawasha, na kwa kuwa foleni yangu huwa ndefu nikamwambia nenda kituo cha afya cha hapo karibu kwako, pana kijana wangu, nimemfundisha kwa mkono wangu. Jioni akanipigia simu amefurahi, "Mdogo wangu, kijana wako amenimulika, anasema jicho langu ni lile lile la mwalimu wake, ameliona tu akajua sisi ni damu moja! Hata hakutazama mara mbili, kasema zima kabisa." Nami nikajibu, "Ukoo wetu unajaliwa macho." Akapewa matone ya kutuliza muwasho, basi. Presha ya macho inatembea kwenye damu, Mshauri, mwenye nayo ndugu zake lazima wapimwe, hilo nalo nalifundisha, somo la tatu.

Siku hizi anashona mshono unapinda, wateja wamepungua, juzi nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe watoto wakamcheka na yeye akacheka nao, akasema miwani imechoka. Nilikuwepo. Nilichukua kitambaa nikafuta meza. Nikimwambia akapimwe ataniuliza kwa nini na wakati aliambiwa yuko salama, na yule kijana akiulizwa atasema nilimlinganisha na jicho la mwalimu, na hapo kila kitu kitamwagika, kwa hiyo nimenyamaza na leo ni wiki ya tatu.

Swali langu ni hili. Kikao cha matokeo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nimefikiria kusema kwamba nilikosea kujumlisha alama za Polepole ili apite kimyakimya, au nijiuzulu kwa kisingizio cha afya, au niache arudie mwaka tu kwani bado ni mdogo, huku nikitafuta jicho jingine la kufundishia pasipo kuulizwa. Nina jina nililolijenga kwa miaka mingi na nina madaktari wa madarasa kumi na moja waliotapakaa kila mahali wanaoniita mama. Nishauri, nilinde kipi na nipoteze kipi? Namba yangu nimeiandika hapo chini ikiwa utataka kuniuliza jambo.

Ni mimi, Kituo cha Nne.

*

Mwalimu,

Barua yako niliifungua Jumatatu saa nne asubuhi. Katika miaka yote ya kuandika safu hii sijawahi kumpigia simu msomaji kabla sijamaliza kusoma barua yake, na wewe nimekupigia nikiwa kwenye ule mstari wa chai na kitambaa. Wasomaji wengine hawajui tulichozungumza, na kwa kuwa umeniruhusu, nawaeleza. Nilikuuliza, "Dada yako ameshapimwa?" Ukanijibu, "Bado, nilikuwa nasubiri ushauri wako." Nikakwambia ushauri wangu ni vaa viatu.

Nimeshtuka, sikufichi. Nimeandikiwa na watu waliotoroka na mashemeji zao, nimeandikiwa na mtu aliyejifanya amekufa, na hakuna barua iliyonifanya niinuke kitini kama hii yako. Umeniandikia kurasa nne za mwandiko mzuri tu, ukanieleza kikombe, kiduara, mhuri na mchele, ukaniuliza habari ya kikao, na katikati ya hayo umeniwekea mwanamke anayepoteza macho yake siku hadi siku huku mdogo wake daktari wa macho akimfutia meza! Wewe ndiye uliyeniambia kilicholiwa hakirudi. Basi wiki tatu hizo zimekula, na aliyeziacha ziendelee kula ni wewe, wala usimtafute mwingine.

Kukosea sikulaumu, na hapo naomba unisikie vizuri. Ulipewa picha na mtu uliyemwamini, akasema maumbile, ukaamini. Hakuna mtu anayeweza kujimulika nyuma ya jicho lake mwenyewe, hata awe bingwa wa mabingwa. Ugonjwa ulikuja bila kubisha hodi na umekuumiza na wewe, na wewe nawe ni mgonjwa, pole sana, kwa dhati ya moyo wangu. Lakini kosa la miaka kumi na mmoja hukulijua na la wiki tatu ulilijua, na haya mawili wewe umeyafunga kwenye furushi moja ili moja lifunike jingine.

Sasa tuende kwenye maswali yako, maana umeniuliza na mimi nalipwa kujibu.

Habari ya kukosea kujumlisha, isahau. Utampa yule binti alama na kumwachia aibu. Ulimsoma mbele ya darasa, akachekwa, na hadi leo anaamini kwamba hajui kuona, na ukimpitisha kwa mlango wa uani atakwenda kazini akiamini hivyo hivyo. Siku moja atamulika jicho la mtu, ataona ugonjwa, atajiambia ah, hata safari ile nilidhani hivi nikachekwa. Atachora kile wanachochora wenzake. Umefikiria hilo? Darasa zima lilikuwa na mtu mmoja anayefanya kazi uliyowafundisha, na huyo ndiye uliyempa sifuri.

Gazeti hili linatoka Jumatano, kwa hiyo kikao ni kesho. Ingia mapema, na kabla hawajasoma jina la kwanza omba nafasi. Usilete hotuba. Peleka ile picha ya mashine mpya na ile karatasi yenye wino wako mwekundu, ziweke mezani pamoja, waambie, "Mwanafunzi huyu alikuwa sahihi, mgonjwa ni mimi, na kituo cha nne kifutwe kwa darasa zima." Kisha kaa chini. Wakikuuliza, jibu. Wakikupa barua ya onyo, ipokee kwa mikono miwili. Halafu ukitoka hapo nenda darasani, maana ulimcheka darasani, hukumcheka ofisini, na umwambie mbele ya wale wale waliocheka. Usimwite Polepole siku hiyo. Mwite kwa jina lake.

Kujiuzulu kwa kisingizio cha afya nako hapana. Ukikimbia na siri yako, yale madarasa kumi na moja yatabaki huko yaliko yakilinganisha watu na mchoro wako. Kijana wa kituo cha afya hakufanya uzembe wa peke yake, alitumia kipimo ulichompa, na wako wenzake mia kadhaa. Ofisi ya usajili ina majina yao. Waandikie wote, kwa jina lako, barua ya ukurasa mmoja: jicho nililowaonyesha ni jicho gonjwa, na yeyote mliyemwambia yuko salama kwa kulinganisha na langu, mwiteni tena mumpime presha. Wanakuita mama, sivyo? Basi ongea nao kama mama. Wengine watakudharau, hilo sitakudanganya. Lakini kati ya wagonjwa watakaoitwa yuko atakayebaki na macho yake kwa sababu ya ukurasa huo mmoja, na yeye hatajua hata jina lako unalolilinda.

Kuna jambo umelipita kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa. Nusu ya juu ya karatasi yako ni nyeusi, na hukuniambia kama bado unaendesha gari, wala kama bado unashika kisu na kupasua macho ya watu. Nilipokuuliza kwenye simu ulisema, "Gari ndiyo, mume wangu hajui bado." Funguo mpe mumeo leo. Upasuaji, mwenzako wa chumba cha pili akupime aseme unaweza au huwezi, na atakachosema ndicho. Na mlinzi wa geti muombe radhi, masikini, geti lilikuwa wazi lote.

Ninyi wasomaji wengine mnaoguna hapo, kama mna miaka arobaini na zaidi, au kuna mwenye presha ya macho katika ukoo wenu, nendeni mkapimwe, msingoje kuumwa, haiumi. Mimi nilikwenda jana. Nilikuwa na woga mpaka daktari akaniuliza kama nimekuja kupimwa au kuungama.

Sasa tumalizie na dada. Ulimpeleka Jumatatu ile ile alasiri, na jioni ukanipigia. Presha yake thelathini na nane. Jicho la kulia limebaki na kijitundu cha katikati tu, anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. La kushoto limebakiwa na zaidi ya nusu, na hilo linaweza kulindwa wakianza sasa, na wameanza. Ulimweleza yote hapo hapo kwenye benchi, mchoro, kijana, faili, na hakukuuliza lolote kuhusu mchoro wala kijana. Alikuuliza, "Ulijua lini?" Ukamwambia. Akachukua mkoba wake, akapapasa ukuta mpaka akaupata mlango, na ulipotaka kumshika mkono akauondoa. Tangu hapo hapokei simu zako, na ulinililia ukaniuliza utafanya nini ili akusamehe.

Sijui kama atakusamehe, Mwalimu, na hiyo siyo kazi yako. Kazi yako ni hii. Matone yake ni asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote, na mtu mwenye jicho la aina ile hawezi kujitilia, tone linaangukia shavuni, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ni mitaa minne tu, nenda kwa miguu. Bisha hodi, mtilie, mfute, funga chupa. Akikutukana, mtilie. Asipokusemesha, mtilie hivyo hivyo, uage, uondoke, na jioni urudi.